Kupunguza mwili kwa haraka kwa unga wa protini: yapi ni tiba, yapi ni kujihatarisha, na nini hukmu yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Pemba, nimeolewa Namtumbo mkoa wa Ruvuma na ndiko ninakoishi. Nina maradhi ya sukari huu mwaka wa nne, na presha pia. Uzito wangu ni kilo 94, urefu wangu sentimita 158. Natumia glibenklamaidi, metformini na kidonge cha presha kile cha kukojoza. Dada yangu aliyeko Uingereza alikuwa na maradhi haya haya. Hospitali ilimpa unga wa kukoroga badala ya chakula kwa wiki 12, akapungua kilo 16, na sukari ikashuka mpaka akaachishwa dawa. Ameniletea unga kama ule wa kunitosha miezi mitatu, na nimepanga kuanza Jumatatu ijayo. Mume wangu anapinga, anasema ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu na ni kufuata mambo ya Wazungu. Binti yangu wa miaka 19 anaolewa mfungo mosi na yeye anataka tuutumie pamoja ili apendeze siku ya harusi. Je, inafaa? Kutokula huku kunahesabiwa ni funga? Na Ramadhani ikinikuta sijamaliza nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salam warahmatullahi wabarakatuh. Dada huyu tulimpigia simu siku ile ile kabla ya kuandika chochote, kwa sababu swali lake lilikuwa na jambo lisiloweza kungoja. Tulimwambia asianze Jumatatu. Si kwa kuwa lishe hiyo ni haramu, bali kwa kuwa kuinywa pamoja na dawa anazotumia, bila ya daktari kuzipanga upya, kunaweza kumuangusha sukari usiku akalala asiamke. Alhamdulillah alikubali kuahirisha. Sasa tunaeleza kwa urefu, kwani unga wa namna hii umeshaingia Unguja na Pemba pia, na maswali yake yanatufikia mara kwa mara.

Jibu kwa ufupi

Lishe ya kalori chache sana yenye protini ya kutosha, ikisimamiwa na daktari, ni tiba kama tiba nyingine. Kwa mgonjwa ambaye unene umemletea sukari au presha inafaa, na huenda ikawa ni jambo linalopendeza kisharia. Kuifanya peke yako nyumbani, hali una maradhi na unatumia dawa, haifai, kwa sababu ni kujitia katika hatari. Kwa binti mwenye afya na uzito wa kawaida haina haja, na hatumruhusu. Si funga ya kisharia, wala si udhuru wa kuacha funga ya Ramadhani. Haya sasa tuyachambue.

Lishe hii ni nini hasa

Mwanamke mtu mzima kwa siku hutumia kalori zipatazo 2000, zaidi au pungufu kidogo kwa kadiri ya mwili na kazi zake. Lishe tunayoizungumzia humpa 800 tu au chini ya hapo. Ili msomaji apate picha: robo kilo ya unga wa mahindi, kabla hujaweka mboga, ina kalori kama 900. Kwa hiyo ugali wa mlo mmoja wa mtu mwenye hamu ya kula unapita kiwango chote cha siku nzima cha lishe hii.

Mwili ukipewa 800 na ukatumia 2000, pengo la 1200 huzibwa na akiba. Siku za mwanzo mwili huchukua akiba ya wanga iliyomo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo huwa imeshikana na maji mengi. Ndiyo maana mtu hupungua kilo tatu au nne wiki ya kwanza akafurahi, kumbe sehemu kubwa ni maji. Baadaye huanza kuungua mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7700, basi pengo la 1200 kila siku huondoa kilo moja na kitu kwa wiki.

Tatizo ni kwamba mwili wenye njaa hauli mafuta peke yake, hula na misuli, na moyo ni msuli. Hapa ndipo protini inapohitajika. Madaktari huhakikisha mgonjwa anapata gramu 70 mpaka 100 za protini nzuri kila siku ili misuli isalimike, pamoja na vitamini na madini yote, hasa potasiamu, chumvi na magnesi ambazo ndizo zinazoendesha mapigo ya moyo. Unga mzuri wa hospitali umepimwa vitu vyote hivyo. Haufanani na unga wa protini wanaokunywa vijana wa mazoezi, wala na "chai ya kupunguza tumbo".

Watu walishakufa kwa jambo hili

Mwaka 1976 nchini Marekani, daktari aitwaye Robert Linn alitoa kitabu cha kuwahimiza watu waache kula kabisa na wanywe maji ya protini. Watu wengi sana waliingia. Protini ile ilitengenezwa kwa ngozi, kwato na kano za wanyama: ni protini kwa jina, lakini imekosa viungo ambavyo mwili hauwezi kuishi bila ya kuvipata kwenye chakula. Madini nayo hayakuangaliwa. Baada ya muda mfupi vikaripotiwa vifo karibu 60, wengi wao wakiwa wanawake, na miongoni mwa waliochunguzwa wapo waliokutwa mapigo ya moyo yamevurugika. Hawakuwa wagonjwa mahututi. Walikuwa watu wanaotaka kupungua.

Kisa hiki tunakitaja ili ifahamike kwamba sharti la "chini ya daktari" halikuwekwa kwa ajili ya kupamba. Limeandikwa kwa roho za watu.

Uingereza na Qatar: tiba iliyopimwa

Aliyoyasema dada yake muulizaji ni kweli, wala si uvumi. Desemba 2017 ulitangazwa utafiti mkubwa uliofanywa Scotland na kaskazini mwa Uingereza, ukiongozwa na maprofesa Michael Lean na Roy Taylor. Wagonjwa wa sukari ya ukubwani, ambao hawakuzidi miaka sita tangu wagundulike na ambao hawakuwa wakidungwa insulini, walipewa lishe ya kalori kama 850 kwa miezi mitatu mpaka mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida polepole. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha maradhi bila ya dawa yoyote. Kwa wale waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikuwa 4 tu katika 100. Na waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 katika kila 100 walifika hapo.

Utafiti kama huo ulifanyika Qatar, miongoni mwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini walio na umri usiozidi miaka 50, na matokeo yake yalitoka 2020: 61 katika 100 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha maradhi bila ya dawa. Basi mume wa dada yetu ajue kwamba si mambo ya Wazungu peke yao. Waislamu wa Doha wamejitibu kwayo. Uingereza leo imeifanya kuwa sehemu ya huduma ya afya ya taifa: wiki 12 za kalori 800 mpaka 900, kisha usimamizi mpaka mwaka utimie.

Lakini habari hii isomwe mpaka mwisho. Katika utafiti ule wa kwanza, miaka miwili baadaye waliobaki bila ya maradhi walikuwa wameshuka kutoka 46 hadi 36 katika 100, na kila mwaka unaopita huzidi kupungua. Aliyerudisha uzito, sukari ilimrudia. Lishe hii hufungua mlango tu. Kinachomfanya mtu akae ndani ni namna anavyokula baada yake.

Unga umefika, muuguzi hakufika

Jambo kubwa ambalo familia nyingi hazilioni ni hili: dada wa Uingereza hakupewa unga peke yake. Siku ya kwanza kabisa dawa zake zilipangwa upya. Katika utafiti ule, dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ile ile lishe ilipoanza, na mgonjwa akawa anaangaliwa mara kwa mara. Unga unaweza kusafiri kwenye begi kutoka London mpaka Namtumbo. Usimamizi hausafiri kwenye begi.

Tazama dawa za muulizaji wetu moja moja. Glibenklamaidi huisukuma kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hakula, na huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Ukiinywa kwa kipimo cha mtu anayekula ugali mara tatu, nawe umekunywa pakiti ya kalori 200, sukari itaporomoka: kutetemeka, jasho baridi, kuchanganyikiwa, kuzimia, na pengine kifo. Kidonge cha presha cha kukojoza hutoa maji na potasiamu, na lishe yenyewe nayo inakojoza. Viwili vikikutana presha hushuka mno na moyo huweza kuvurugika. Metformini ni nyepesi zaidi, lakini nayo humtaka daktari aangalie figo.

Na hapa tutahadhari na kosa la upande wa pili. Asije mtu akasoma makala hii akaacha dawa zake mwenyewe. Anayeacha dawa bila ya daktari hana tofauti na anayeanza lishe bila ya daktari.

Yako mengine pia. Kupungua haraka huzalisha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Mwenye baridi yabisi ya vidole huweza kuamshiwa maumivu. Choo hufunga, nywele hupukutika, kichwa huzunguka mtu anapoinuka ghafla, jambo ambalo hata katika sala linahitaji hadhari. Na wako ambao lishe hii haiwafai kabisa: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye sukari ya utotoni, mwenye maradhi makubwa ya figo au ini, aliyepata shambulio la moyo karibuni, na aliyewahi kuwa na maradhi ya kujinyima chakula.

Hukmu yake kwa mgonjwa

Asili ya jambo hili ni amri ya kujitibu. Mtume (rehma na amani zimshukie) aliulizwa na mabedui kuhusu kujitibu akawaamuru wajitibu, kwa kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii ameipokea Usama bin Sharik na iko kwa Abu Daud na Tirmidhi. Na kupunguza kula ni katika mafunzo ya dini yetu kabla hakujawa katika mafunzo ya hospitali. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Allah ameruhusu kula na kunywa akakataza kupita kiasi. Na katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, Mtume alieleza kwamba tumbo ni chombo kibaya kukijaza, na kwamba ikiwa hapana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Ama hoja ya mume kwamba ni kubadilisha maumbile, nia yake ni njema lakini hoja hii haisimami. Maumbile yaliyokatazwa kubadilishwa, kama inavyofahamika katika Suratun Nisaa aya ya 119, ni kama kuchonga meno kwa ajili ya uzuri na mfano wake, si kuondoa maradhi. Hakuna aliyezaliwa na kilo 94. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilijadili upasuaji wa kurekebisha mwili na ikaruhusu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu zinazokubalika, hata kwa upasuaji pale unene unapokuwa maradhi na hakuna njia nyingine, kwa sharti la kuepukana na madhara. Ikiwa upasuaji umeruhusiwa kwa masharti hayo, lishe ni nyepesi kuliko hiyo.

Na kuhusu kufuata Wazungu: kuchimba handaki siku ya Ahzab kulikuwa ni mbinu ya Waajemi aliyoileta Salman al-Farisi, na Mtume aliichukua. Faida ya kidunia isiyokwenda kinyume na sharia huchukuliwa popote ilipo.

Hata hivyo ruhusa hii imefungwa kwa sharti. Allah amekataza katika Suratul Baqara aya ya 195 tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizi, na kanuni iliyotokana na hadithi inakataza kujidhuru na kudhuru wengine. Mtume alipomzuru Saad bin Abi Waqqas akiwa mgonjwa, alimuelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba maradhi hupelekwa kwa mjuzi wake. Kwa hiyo mwenye sukari na presha anayeanza lishe hii bila ya daktari, naye anajua hatari yake, anapata dhambi hata kama nia yake ni kupona.

Wauzaji wa unga

Neno hili ni kwa ndugu zetu wanaouza kwenye makundi ya simu. Iko hadithi kwa Abu Daud na Nasai kwamba anayemtibu mtu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Kumwambia mgonjwa wa sukari "kunywa hii, dawa achana nazo" ni kumtibu. Ukimuua una deni la damu yake, na faida ya ile pakiti haitalipa.

Mnunuzi naye ajihadhari. Bidhaa nyingi za kupunguza mwili duniani zimekutwa zimetiwa kwa siri dawa iitwayo sibutramini, ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Hapa Zanzibar chakula na dawa husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Bara, chakula kiko chini ya Shirika la Viwango na dawa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa isiyosajiliwa popote usiitie mdomoni.

Je, unga wenyewe ni halali?

Protini nyingi za unga huu hutokana na maziwa, na hilo halina tatizo. Angalia jeletini, ambayo hutumika kwenye unga, vidonge na jojo za vitamini, na mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, najisi ya nguruwe haitohariki kwa kugeuzwa, na Majmaa ya Fiqhi katika kikao cha Amman mwaka 1986 ilikataa jeletini ya nguruwe, ikaeleza kwamba iliyotokana na mimea au na wanyama waliochinjwa kisharia inatosheleza. Ikiwa pakiti imeandikwa kuwa haina kitu cha mnyama aliyeuawa, basi suala la jeletini limekwisha. Ikiwa haikuandikwa, uliza kabla ya kununua.

Binti anayeolewa

Tulimuuliza mama uzito na urefu wa binti: kilo 56, sentimita 160. Hesabu inayotumiwa ni kugawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti anapata karibu 22, na kiwango cha afya ni kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25. Mama anapata 37 na kitu, ambao ni unene wa kutibiwa. Unga ni mmoja, hukmu ni mbili.

Kwa binti huyu hakuna maradhi ya kuondoa. Anachotaka ni kupungua kwa ajili ya gauni, na atakachopoteza ni maji, misuli na nywele mwezi ule ule anaotakiwa kuingia kwenye nyumba yake akiwa na nguvu. Huenda pia akapata mimba mara tu baada ya harusi, hali mwili wake hauna akiba. Kujipamba kwa ajili ya ndoa ni jambo jema, lakini haliruhusiwi kwa njia inayodhuru. Wazazi na shangazi msimwambie bibi harusi kuwa "kidogo upungue". Neno dogo kama hilo limewapeleka mabinti kwenye kujinyima mpaka wakaugua.

Si funga, na Ramadhani haiachwi kwa ajili yake

Funga ni kujizuia kula, kunywa na vyote vinavyofunguza, kuanzia alfajiri mpaka kuzama jua, kwa nia ya ibada. Anayekunywa unga mara nne mchana hafungi, hata kama ana njaa kuliko aliyefunga. Aliyefunga Jumatatu na Alkhamisi kwa ajili ya Allah, na akatarajia pia afya, funga yake ni sahihi. Aliyejinyima kwa ajili ya mizani peke yake hana funga, ana lishe tu. Kuunganisha siku bila ya kufungua nako Mtume alikukataza kwa umma wake.

Ama Ramadhani, ikiwa lishe inaweza kuanza baada ya Ramadhani, basi si udhuru wa kuacha funga. Usiipange ili ikuangukie ndani ya mwezi. Wala usiichanganye na funga kwa kunywa pakiti zote baina ya futari na daku: mwenye sukari anayetumia dawa, akakosa maji mchana kutwa na kalori usiku kucha, amejirundikia hatari juu ya hatari. Kwa dada wa Namtumbo, kwa kuwa Ramadhani imebakisha chini ya miezi mitatu na wiki 12 hazitatimia, rai yetu ni kwamba aanze matayarisho sasa, na lishe yenyewe, daktari akiikubali, iwe baada ya mwezi na baada ya harusi.

Je, yeye mwenyewe ataweza kufunga kwa hali yake ya sasa? Hilo litategemea vipimo vyake. Daktari muaminifu akimwambia atadhurika, atafungua na atalipa akipata uwezo. Na ikiwa hakuna tamaa ya kuweza tena, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. Basi asiache kujipima kwa kuogopa kuvunja funga, na sukari ikishuka mchana afungue papo hapo, wala hana dhambi.

Sufuria moja, njaa mbili

Ruvuma ni katika mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Lakini katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, watoto 44 katika kila 100 wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Na katika utafiti huo huo, wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania walio baina ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliozidi. Wanga tele, protini haba: mama ananenepa, mtoto anadumaa, nao wanakula sufuria moja. Visiwani kwetu hatuko mbali na hali hiyo. Futari yetu ni muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi na kaimati, na kipande cha samaki ni cha baba.

Kwa hiyo kabla ya kununua pakiti ghali, itazame sahani. Gramu 100 za samaki asiye na mafuta zina protini kama gramu 20 kwa kalori 100 tu. Yai moja lina gramu 6. Maharage na dagaa wa Ziwa Nyasa wako soko la Songea. Kwetu wapo dagaa, kunde na choroko. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja vina kalori kama 150. Mtu akiukata ugali au wali nusu, akaongeza mboga za majani na samaki, akaacha sukari ya chai na soda, anaweza kupunguza kalori 500 kwa siku bila ya kununua kitu. Atapungua polepole zaidi, na mtoto wake atakula vizuri zaidi. Nafaka na kitoweo cha watoto ni haki yao. Pesa ya unga wa mama isitolewe humo.

Tunasisitiza kwamba hata mabadiliko haya, kwa anayetumia glibenklamaidi au insulini, ayaseme kwa daktari wake, kwani dawa huenda zikahitaji kupunguzwa.

Afanye nini dada yetu, na aliye kama yeye

Kwanza, aende kliniki ya sukari na dawa zake zote mkononi, na pakiti ya unga nayo aichukue. Kwake yeye ni hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa Songea. Kwa walioko Unguja, Mnazi Mmoja ina kliniki hiyo.

Pili, apimwe figo, ini, potasiamu, moyo na sukari ya miezi mitatu, kisha amuulize daktari waziwazi: lishe hii inanifaa au hainifai? Dawa zipi zitasimama na lini?

Tatu, akiambiwa hapana, au kwamba hakuna wa kumfuatilia kila wiki au mbili, basi asiifanye. Achukue njia ya sahani. Kukosa usimamizi ni sababu tosha ya kuacha.

Nne, akiambiwa ndiyo, awe na kipimo cha sukari nyumbani, mtu wa nyumbani anayejua dalili za hatari, na mpango wa kurudi kwenye chakula kidogo kidogo baada ya wiki 12.

Tano, mume awe pamoja naye. Afuatane naye kwa daktari, asikilize kwa masikio yake, na nyumbani wale sahani moja. Mwanamke hawezi kupungua katika nyumba ambayo yeye ndiye anayepika chapati za wote huku akiambiwa asiguse. Salman alimkumbusha ndugu yake Abu Dardaa kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake na ahli zake wana haki juu yake, ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume alisema kuwa Salman amesema kweli, kama ilivyo kwa Bukhari.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, atupe kiasi katika kula kwetu, na aibariki ndoa ya binti huyu.

Wallahu a'lam. Wa swallallahu ala nabiyyina Muhammad wa ala alihi wa swahbihi wa sallam.